Cha Tano, Kata

Mheshimiwa Afisa Elimu, ambaye ametoka nje kidogo kupokea simu, Mwalimu Mkuu, wanakamati wa shule, Mwalimu wetu wa Hesabu, ambaye ukiwa mbali tunakuita Rula, wazazi wetu, Mama Sufuria, mpishi wetu unayeagwa leo, nanyi wenzangu wa darasa la saba mnaonicheka tangu niliposimama: shikamooni wakubwa, hamjambo wenzangu?

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye kitanda kimoja. Hotuba niliyopewa ni hii ya juu, yenye muhuri. Yangu nimeificha chini yake. Naomba nisome ya chini upesi, kabla simu ya Mheshimiwa haijaisha.

Muhula uliopita Mwalimu Rula alitufundisha kukusanya takwimu na kuzipanga. Alifundisha vizuri, asilaumiwe. Kitabu kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, yeye anatufafanulia kwa hii yetu. "Mtu mmoja, kijiti kimoja," alisema akichora ubaoni. "Vinne visimame. Cha tano, kata! Mmeelewa?" Tukaitika "Ndiyooo!" kama siku zote, maana asiyeelewa husimama peke yake, na mimi kusimama peke yangu, afadhali niugue.

Sasa, neno kata nalijua. Mtoto akihama, jina lake hukatwa kwenye daftari la mahudhurio; ukishakatwa, hupo. Basi nikaelewa kwamba cha tano kinavifuta vile vinne, na chenyewe kinakwenda navyo. Kwa nini? Sikujua. Hesabu ina mengi nisiyoyajua kwa nini.

Swali nililopewa lilikuwa hili: nani kati yetu sitini amekuja shuleni bila kutia kitu tumboni? Nikapita dawati kwa dawati na daftari langu.

"Mimi nichoree kinene," jirani yangu aliniambia. "Nina njaa ya watu wawili."

"Vyote vinalingana," nikamjibu.

"Basi njaa yangu umeipunja!"

Nilipomaliza nilikuwa na mafungu tisa yaliyokatwa, na vijiti vitatu vimesimama. Kwangu mimi, kila niliyemkata alikuwa ameshashiba. Nikaandika kwa wino wa kijani: wenye njaa, watatu.

Mwalimu Rula akanipa tisa juu ya kumi. Moja aliikata kwa sababu sikupiga mstari wa pambizo. Mwalimu Mkuu akaitia chati kwenye fremu. Kamati ikakaa, ikapiga makofi, ikaandika kwamba njaa imekomeshwa ndani ya muhula mmoja. Kwa hiyo uji wa saa nne usimame, mpishi aagwe kwa heshima, na jiko liwe Kituo cha Takwimu, hiki tunachokifungua leo. Naipongeza sana kamati. Kikao kizima kilifanyika saa nne, na foleni ya uji ilipita chini ya dirisha lao. Lakini jambo likishatiwa kwenye fremu, dirisha la nini tena?

Ni mtu mmoja tu aliyeuliza. Nilikuwa nasuuza kikombe changu, nikamsikia.

"Mwalimu Mkuu, hao watatu wenu wana matumbo gani?" alisema Mama Sufuria. "Kila siku naosha vikombe arobaini na nane. Ina maana kila mmoja anakunywa kumi na sita?"

"Mama, hizo ni hisia zako," Mwalimu Mkuu akamjibu kwa upole. "Hii ni takwimu."

Nikaenda nyumbani nikafungua kitabu cha kigeni. Palikuwa na picha ya fungu lililokatwa, na pembeni yake tarakimu: tano. Mafungu tisa, arobaini na tano. Ongeza watatu waliosimama.

Nimenyamaza wiki tatu. Juzi Mama Sufuria alinikuta jikoni nikimsaidia kufunga miiko yake kwa kamba, machozi yamenijaa. Akasema, "Nyamaza, mwanangu, sufuria haikosi moto mahali." Angejua aliyeuzima!

Na kuna moja zaidi. Nilipofika dawati langu asubuhi ile nilijihesabu na mimi, kwa haki. Nilikuwa mtu wa ishirini na tano. Kijiti changu ndicho kilichokata fungu la tano. Nilijikata kwa mkono wangu, nikajiandika nimeshiba, tumbo likinguruma.

Nasikia viatu vya Mheshimiwa vinakuja mlangoni. Mwalimu Mkuu ananionyesha kwa macho niirudishe juu ile yenye muhuri. Samahani, Mwalimu. Leo sifichi.

Karibu, Mheshimiwa. Daftari langu hili hapa, lenye vijiti vyote. Mama Sufuria yule pale, na vikombe vyake bado anavyo. Nikipewa adhabu nitaipokea. Mkasi uko kwenye sinia, na utepe umefungwa mlangoni pa jiko. Wote walikuwa wanakungoja wewe ukate.

Nakuomba, usikate. Watu arobaini na tano mimi nimeshawakata mara moja, na hiyo inatosha.

Asanteni kwa kunivumilia hadi kijiti cha mwisho.