Bi. Rosalind Czarnecki Arudi Mtaa wa Hickory

Ijumaa, tarehe 27 Septemba 2024, Bi. Rosalind Czarnecki, Mtunza Uwanja Mkuu wa klabu yetu ya besiboli ya Wavunja Barafu, atastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi. Kwa hesabu za ofisi bado alikuwa na miaka miwili mbele yake, na kila mtu hapa klabuni, kuanzia wakata tiketi hadi wachezaji waliokuja juzi, ameniuliza kwa nini anaondoka mapema. Jibu ni kile kipande cha ardhi cha Mtaa wa Hickory, uliposimama uwanja wetu wa zamani, ambacho kilikuwa karibu kugeuzwa ghala la maboksi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekuwa chini yake muda mrefu kuliko wengine. Yeye mwenyewe aliongeza kwamba akiandika mtu wa ofisini, atatoka kama mtakatifu.

Mtakatifu siye. Aliajiriwa mwaka 1983, mwezi wa nne, theluji ikiwa bado imelala kwenye kituo cha pili, kimoja cha vile vituo vinne ambavyo mchezaji huvizunguka mbio ili apate pointi. Uwanja wa Hickory aliujua tangu utotoni, maana baba yake, mzee Stan, aliuza soseji nyuma ya kituo cha tatu. Ulikuwa uwanja wa mbao na chuma, unanuka haradali na bia, na paa lake lilivuja upande wa timu ngeni tu. Bi. Rosalind alishukiwa kuwa ndiye aliyelitoboa. Hajawahi kukana, wala hajawahi kukubali.

Wasioijua kazi yetu hudhani tunakata nyasi basi. Wanajidanganya. Tukiwa na wachezaji wazito wa miguu, Bosi, kama tunavyomwita Bi. Rosalind, aliziacha nyasi zirefuke ili mpira uchoke kabla haujawapita. Wageni wakiwa hodari wa kuugusa mpira kwa gongo uanguke karibu, aliinamisha ardhi kidogo, mpira ukajitokea nje ya mstari wenyewe, pigo likawa bure. Waamuzi walikuja na macho makali, wakakagua, wakakuna vichwa, wakaondoka. Kila timu ina ujanja wake nyumbani kwake, na wetu ulikuwa umevaa buti za mpira na kofia iliyopauka.

Lakini siku moja ujanja ulimgeuka, na hiki ndicho kisa tunachokipenda kuliko vyote. Wageni walikuwa na kijana aitwaye Terrell Mabry, mwizi wa vituo asiyeshikika, yaani mkimbiaji anayechomokea kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Ukipepesa jicho tu, ameshatoka kituo cha kwanza na kufika cha pili. Asubuhi ya mechi Bosi alichukua bomba la maji akainywesha njia ile mpaka ikawa laini kama uji wa shayiri, kisha akatandaza udongo mkavu juu, usijue kitu. Saa sita mchana viongozi wa klabu zote mbili wakabadilishana wachezaji. Mabry akawa wetu. Sisi wa mareki na matoroli hakuna aliyetukumbuka kutuambia.

Jioni tukamwona Mabry anatoka na jezi yetu. Nilimwona Bosi akiacha kutafuna mkate wake. Mabry akapata kituo cha kwanza, akajiandaa, akachomoka, na hatua ya tatu akazama hadi vifundoni. Alianguka kifudifudi, akaguswa na mpira na kutolewa akiwa bado anatafuta kiatu chake. Kocha akaja mbio hadi kwenye banda letu, uso mwekundu.

"Rosalind, unamzamisha mtu wetu?"

"Asubuhi alikuwa mtu wao," akajibu Bosi. "Mngenipigia simu."

Tulitumia mapumziko yote ya raundi kumwaga magunia ya udongo wa kukaushia, uwanja mzima ukitushangilia kama washindi. Mabry alicheka kuliko sote. Krismasi ile alimtumia Bosi buti mpya za mpira, na hadi leo wanapigiana simu na kutaniana kama mtu na shemeji yake.

Mimi nami nina deni la aibu kwenye lile turubai kubwa la kufunikia uwanja mvua ikija. Tulikuwa tunalivuta kwa kasi, upepo wa Ziwa Erie ukaliinua, nikateleza, wenzangu wakanifunika wakaendelea na kazi. Watazamaji waliona uvimbe ukitambaa kutoka kituo cha kwanza hadi kile kilima kidogo cha mrushaji katikati ya uwanja. Badala ya kuniokoa, Bosi alitembea pembeni yangu akinielekeza njia.

"Kushoto, Cliff. Kushoto kwako wewe, si kwangu. Haya, umefika, toka uwasalimie watu."

Mwaka 2018 tulihamia uwanja huu mpya wa kando ya mto. Ni mzuri, vyoo vinafanya kazi, na nyasi zake huja zimeviringishwa kwenye lori. Bosi aliziita zulia tangu siku ya kwanza, ingawa alizitunza kama mboni ya jicho. Mwaka uliofuata Hickory ukabomolewa. Tulikwenda kutazama, tukanunua kahawa, tukapiga porojo, na paa lile la kuvuja lilipodondoka Bosi alilia bila kujificha, nasi tukalia pamoja naye. Mashine zilikula majukwaa yote zikaondoka. Katikati palibaki uwanja wenyewe, umezungukwa na vifusi na ua wa waya.

Mji ulitangaza kwamba pasipopatikana matumizi, mahali pale patauzwa kwa wenye maghala. Magugu yakaanza kuota. Jumapili moja Bosi akapakia mashine ya kukatia nyasi kwenye gari lake, akatupitia mmoja mmoja majumbani, hata kifungua kinywa hatujamaliza. Hatukuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Tulikuwa tumekata nusu alipofika askari, Afisa Petrakis.

"Mama, hii ni mali ya mji. Hamruhusiwi kuwa humu."

"Najua. Nyasi za mji zimefika magotini, nausaidia."

"Naweza kukukamata."

"Nikamate, mwanangu. Ila ngoja nimalize mstari huu, nisiuache umepinda."

Afisa Petrakis akangoja. Mstari ulipoisha, Bosi akaanza mwingine, naye akangoja tena. Jumapili iliyofuata alikuja na kaptula, mkewe, na reki yake mwenyewe. Ikawa hivyo kwa miaka: majirani wakaleta maandazi ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, watoto wakaleta magongo, na wazee wakabishana kuhusu mechi ambazo nusu yao hawakuziona. Sijawahi kufurahi kazini kama nilivyofurahi katika kazi ile isiyo na mshahara.

Mwezi wa tatu mwaka huu suala likafika baraza la mji. Wenye maghala walikuja na picha nzuri za maghala. Bosi alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba wiki nzima mbele yetu sisi na matoroli, na aliposimama ikamtoka yote kichwani.

"Baba yangu aliuza soseji pale," akasema. "Nilichumbiwa pale. Mume wangu aliniambia ananiacha palepale, mvua inanyesha, na mimi nina turubai la kuvuta. Nikavuta. Sitaki kupita pale nione maboksi."

Ukumbi ulivunjika mbavu, madiwani nao. Lakini Diwani Fontaine, mama makini asiyecheka ovyo, aliuliza swali moja. Nani atautunza? Si Jumapili tu, kila siku, na asiwe mwajiriwa wa mwingine. Bila mtu huyo, alisema, kura yake inakwenda kwa ghala.

Bosi akageuka kututazama sisi watu wake, mstari mzima wa kofia. Kisha akainua mkono wake mwenyewe. Kura zikapigwa, na Hickory ukashinda kwa kura moja.

Garini nilimwambia ukweli, kwamba nimefurahi hadi naona kizunguzungu, na kwamba nimemkasirikia.

"Unatuacha, Bosi."

"Ninyi mna zulia," akasema. "Ule una mimi tu."

Kwa hiyo, Bi. Rosalind, pokea shukrani za klabu nzima: za warushaji uliowajengea vilima, za makocha uliowapandisha presha, na zangu mimi uliyenitoa turubaini nikiwa hai. Tunakuombea afya, mvua za kiasi, na siku njema zisizohesabika. Kwa miaka mitano uliingia pale kama mwizi, ukitunza kitu kisicho chako. Jumatatu asubuhi ingia kwa lango kubwa, Bosi, mchana kweupe. Na askari akikuuliza unafanya nini humu, mwambie umefika kazini.

Cliff Jablonski,
kwa niaba ya kikosi cha watunza uwanja