Hereni za Limi Zinatafuta Basi la Katoro

Hivi wewe, umewahi kutajiwa nauli ya mzigo inayozidi bei ya mzigo wenyewe, halafu ukatazamwa kama vile umefanyiwa hisani? Mimi nimetajiwa leo asubuhi stendi ya Kahama, na nina digrii ya ugavi na usafirishaji ambayo mpaka sasa haijasafirisha chochote. Nikarudi kijiweni, nyuma ya stendi, kwenye benchi letu la matimba, yale magogo ya kuzuia duara, shimo la dhahabu, lisimfukie mchimbaji. Chausiku alikuwa anamimina kahawa ya tangawizi. Wataalamu wetu wawili walishakaa. Abdul tunamwita Nauli. Alikuwa kondakta mpaka mabasi yakamchoka. Sostenes tunamwita Karasha, kama ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Anasubiri duara lake litoe dhahabu, na duara linasubiri yeye atoe hela. Mfukoni nilikuwa na jozi moja ya hereni za shanga, kazi ya dada yangu Limi, tumeiuza mtandaoni elfu tatu kwa Loveness wa Katoro. Kesho mdogo wake Loveness ana sherehe ya sendofu. Hereni zisipofika leo, oda imekufa, na Limi ameapa hashiki tena sindano, anarudi kijijini Samuye kulima.

NAULI: Digrii, mbona umenuna? Wamekuita intavyuu tena?

MIMI: Ofisi ya vifurushi wanataka elfu tano. Kima cha chini, wanasema, uwe umeleta hereni au injini ya pikipiki.

NAULI: Nani alikutuma ofisini? Kitu kidogo anapewa kondakta mkononi. Unaandika jina na namba ya simu kwa makapeni, unamtoa hela ya soda, kinakaa pale mbele kwenye dashibodi. Hayo chuoni hawakufundisha?

MIMI: Nilimpa. Akakipima kwa kiganja, akakitikisa sikioni, akaniuliza kibali cha madini kiko wapi.

KARASHA: Ulikifungaje?

MIMI: Vizuri. Karatasi, nailoni, selotepu kila upande. Packaging, mzee. Nimeisomea.

KARASHA: Ndo ulipojimaliza. Kanda hii, kitu kidogo kilichofungwa vizuri ni dhahabu. Mtu mwenye akili hapa anafunga vizuri gunia.

MIMI: Nikamfungulia aone. Akasema sasa ndiyo ana wasiwasi kabisa, nani anafunga shanga hivyo kama hazina kitu ndani. Anataka elfu ishirini ya kubebea hatari.

CHAUSIKU: Na posta?

MIMI: Posta ningeenda, dada. Ila Loveness hana sanduku, na shughuli ni kesho.

KARASHA: Dawa ni moja. Zifukie kwenye gunia la mchele. Gunia halina mtu wa kulitilia shaka.

MIMI: Yaani ninunue gunia la mchele ili nitume hereni za elfu tatu.

KARASHA: Mchele nao unauza. Huoni biashara inakua?

NAULI: Achana na mchele. Subiri gari la msiba. Gari la msiba linapita kila kizuizi, hakuna anayelipekua. Unazichomeka kwenye shada la maua.

MIMI: Nauli, unataka niombe mtu wa Katoro afie Kahama leo, kabla ya saa sita.

NAULI: Mimi nimetoa njia. Utekelezaji ni wako, wewe ndiye msomi.

Chausiku akaweka birika chini. Huwa anatuacha tumalize upuuzi kwanza.

CHAUSIKU: Abiria mwenye hereni masikioni, kuna kondakta anamtoza mzigo?

Sote tukageuka. Kwa bahati, mama mmoja alikuwa amesimama pembeni akisubiri kikombe, begi miguuni. Akatupa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

MAMA: Mwangaluka.

MIMI: Mwangaluka, mayu. Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Mbona mnanitazama masikio?

Yalikuwa na matundu, na yalikuwa matupu. Akasema anaitwa Mageni, anasubiri basi la Katoro, anakwenda kwa mwanae. Nikamweleza shida yangu kwa adabu zote nilizobakiza. Kahawa yake nikalipa mimi.

MAGENI: Na huyo Loveness nitamjuaje?

MIMI: Atakuja stendi. Yeye ndiye atakujua, kwa masikio.

Akazivaa, akajitazama kwenye simu ya Chausiku, akaonekana ameridhika kuliko nilivyopenda.

MAGENI: Sawa, nazipeleka. Ila niulize, mwanangu. Kesho ukiuza nyingine na mimi nimeshafika Katoro, utazituma na nini?

Nauli akachungulia ndani ya kikombe. Karasha akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa na ndala. Mimi na digrii yangu tukatazama barabara. Mama akapanda basi, kondakta yuleyule akampokea begi na kumwita mama mkwe.

Alasiri ujumbe wa sauti ukaingia. Loveness amezipata, yule mama aligoma kuzivua mpaka akanunuliwa soda. Amezipiga picha akatupia kwenye grupu, na oda zimeanza: dada wa Tinde jozi moja, dada wa Runzewe jozi moja, dada wa Masumbwe jozi moja. Limi anaimba jikoni, ameshatoa shanga zote kwenye kopo. Mimi nahesabu: miji mitatu, jozi mojamoja, na mama Mageni ameshashuka Katoro.

Kwa hiyo nyie wenye mabasi, nyie wa ofisi za vifurushi, na nyie mnaokaa kwenye viyoyozi mkituhubiria tujiajiri: sitaki semina, sitaki fulana yenye kauli mbiu. Wekeni bei ya bahasha nyepesi, iandikwe ukutani kwa herufi za kusomeka, na mtu akilipa apewe risiti. Muanze na basi la Tinde la kesho asubuhi.