Risala ya Wapishi wa Chuo cha Ualimu Ruhamba Kuhusu Majiko Mapya na Watu Wawili Ambao Hawajaulizwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mkuu wetu wa Chuo. Walimu, wanachuo na majirani mliopanda kilima hiki: sisi wapishi tunawaambia nyote, mwakeye, ndiyo salamu yetu ya asubuhi huku.

KARIBU

Tulikuona ulipofika, ukishuka na suti yako kumsaidia dereva kusukuma gari kwenye matope. Wengine wangebaki ndani wakapiga honi. Tukasema kule jikoni, huyu ni mtu wa kuombwa jambo.

HISTORIA FUPI

Jiko letu la zamani lilikuwa la miti na nyasi. Mvua kubwa za mwaka jana, 1997, ziliangusha jiko hilo, na kwa heshima yake likasubiri chakula kipakuliwe kwanza. Tukapika chini ya turubai tuliloazimwa na dada zetu Warundi wa kambi ya wakimbizi. Siku hizo Mwalimu Elisante wa hisabati, aliyeletwa kwetu kutoka Same, alikuwa akitoka darasani na mwavuli wake na kuushika juu ya sufuria ya maharage, yeye mwenyewe akilowa. Tunalitaja kwa sababu nalo ni historia.

MAFANIKIO

Majiko haya mapya unayoyafungua leo yanakula kuni kidogo, na hatutokwi machozi tena. Ugali hauungui, isipokuwa siku mpishi mwenzetu Ndayikeza akiwa na habari ya kusimulia.

Mafanikio mengine ni kwamba Mwalimu Elisante amejua kusalimia. Alipofika alikuwa akisema "habari" huku anapita, kama mtu anayefukuza kuku. Tukamfundisha kwamba huku kwetu mnashikana mikono juu ya kiwiko, mnainama kidogo, mnaulizana watoto, wagonjwa, mvua na mbuzi. Aliyefiwa humwachii mpaka aachie mwenyewe. Akajifunza vizuri, hata akawa anachelewa vipindi.

MATATIZO

Tatizo la kwanza ni bomba la maji, ambalo Mkuu wa Chuo atalieleza vizuri kuliko sisi.

Tatizo la pili limetokana na hayo mafanikio. Immakulata, mwanachuo wa mwaka wa mwisho, binti wa kijiji cha Makere, alirudi kutoka kumzika mama yake. Mwalimu akamkuta karibu na stoo, akamsalimia kama tulivyomfundisha. Hivyo ndivyo kila mmoja wao alivyotueleza. Immakulata hakuachia upesi. Alikuwa ametoka kumzika mama.

Mwanachuo Crispin, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye moyo mzuri wa kutubebea ndoo, aliwaona kutoka dirishani. Akaja jikoni anahema, moja kwa moja kwa Bibi Maximilla anayekusomea risala hii.

"Bibi, kuna soo! Mwalimu Elisante na Immakulata, nyuma ya stoo!"

"Umeona nini, mjukuu wangu?"

"Wameshikana!"

"Wameshikana wapi?"

"Mikono."

"Halafu?"

"Wakaendelea kushikana, Bibi! Hawaachiani!"

"Wanasemaje?"

"Mwalimu anauliza mbuzi wa nyumbani wanaendeleaje. Bibi, pale kuna mafumbo."

Tukamweleza. Lakini alikuwa ameshapita bwenini kabla ya kufika kwetu. Jioni ile wakawa wamekumbatiana. Kesho yake wakawa na chumba mjini Kibondo. Ijumaa mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, na watu wanabishana amefanana na nani. Wanachuo wakaenda kugonga sahani kwa vijiko mbele ya ofisi. Mkuu wa Chuo ni mtu mwema, alitununulia mabuti ya mvua bila kuombwa. Lakini kelele zilikuwa nyingi. Akamsimamisha Mwalimu kufundisha, akamrudisha Immakulata nyumbani.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Tunaijua, tuliipelekea chai. Ilimhoji Abdulrahmani, dereva wa chuo, ambaye siku hiyo alikuwa Kigoma na gari. Alieleza vizuri kuliko wote. Ilihoji wengi waliosikia. Mwalimu na Immakulata haikuwaita. Mjumbe mmoja alituambia, "Mama zangu, tuwaite wa nini? Si watakataa tu?" Tukamwongezea chai. Leo tunamjibu: waitwe, wakatae, wasikike wakikataa.

Mtihani wa mwisho unaanza Jumatatu. Immakulata asipoufanya, ualimu wake umeishia hapo.

MAOMBI

Tunaomba bomba. Tunaomba sufuria kubwa moja, ije na mfuniko wake.

Ombi la tatu, mgeni rasmi, hatuombi useme hawana kosa. Sisi hatukuwa pale stoo, tulikuwa tunasonga ugali. Wewe pia hukuwapo. Ila leo asubuhi Bibi Maximilla amekushika mikono pale getini, akakuuliza hata habari za mkweo, na hakuna aliyegonga sahani. Tunaomba tu waulizwe wakiwepo. Crispin aseme mbele yao alichoona, nao waseme. Wakionekana wana kosa, tutawafungia chakula cha njiani na hatutanung'unika.

Immakulata amekuja leo kwa miguu. Yuko jikoni, na Mwalimu pia yuko, anatuchambulia maharage tangu alipofukuzwa darasani. Kila mmoja amekaa upande wake wa jiko. Hawajasalimiana. Wanaogopa.

Crispin naye tumemwita. Ametuambia, "Bibi, mimi nasema mikono na mbuzi tu. Habari ya mtoto wajibu wenyewe walioizua."

Mabenchi tumeyafuta. Ukishakata utepe, tunaomba uketi na Mkuu wa Chuo, uwasikilize. Pilau imeiva, na nyama ni laini. Lakini tumekubaliana wapishi wote kwamba hatupakui mpaka wa mwisho awe amesema. Si mgomo, Mheshimiwa, sisi hatujui kugoma. Ila tumelisha watu miaka mingi, na tumeona kwamba wakishashiba wanaahirisha.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, awape afya wanao nyumbani, na chuo hiki akipe amani.

Ni sisi,
Wapishi wa Chuo cha Ualimu Ruhamba.
Imeandikwa na kusomwa na Bibi Maximilla kwa niaba ya wenzake, Mei 1998.