Mwalimu Akpene, Aliyejua Kila Mtoto Aliko

Mwalimu Akpene Dogbey anastaafu Ijumaa hii, tarehe 25 Julai, baada ya miaka thelathini na minne katika chekechea yetu ya hapa mlimani Avatime. Hajawahi kuomba darasa lingine. Mara mbili alipewa la tano, mara mbili akalikataa.

Wengi mnamkumbuka akifundisha huku amempakata Yayra, mtoto aliyegoma kukaa kwenye kiti muhula mzima. Mkaguzi alipouliza kama ni mjukuu wake, Akpene alimjibu kwamba bado hajaamua.

Mimi nilipohamia hapa kuwa mwalimu mkuu, sikucheka. Niliona nusu saa nzima ya asubuhi inapotea. Watoto wanaingia mmoja mmoja, yeye amechuchumaa, anasikiliza ndoto zao, habari za mbuzi wao, nani kalala kwa nani. Alfabeti inasubiri. Nilimwambia abadilike. Aliitikia kwa heshima, na kesho yake akachuchumaa tena.

Kisha ikaja ile Jumatano ya Januari.

Baridi ilikuwa kali, upepo umejaa vumbi. Saa mbili na nusu Akpene alisimama mlangoni kwangu.

"Mwalimu mkuu, Kafui hajafika."

"Na baridi hii? Wako wangapi hawajafika?"

"Tisa. Wanane najua waliko."

"Basi atakuwa amelala. Rudi darasani."

"Jumatano ni zamu yake kumwagilia miche. Huyu hata akiwa na homa huja. Naenda kwao."

"Ukitoka nje ya lango hilo, nakuandikia barua ya onyo."

"Andika," alisema. "Ila nishikie watoto kwanza."

Akatoka. Sikuwashika watoto, nilimtuma mwalimu mwingine, nikakaa kuandika barua. Nilikuwa kwenye aya ya pili niliposikia wanawake wakipiga mayowe huko chini.

Nilipoyafuata mayowe hadi kwa kina Kafui, mlango ulikuwa umevunjwa. Kafui, mtoto wa miaka minne, alikuwa amelala uani, kichwa mapajani mwa Akpene, amelegea kama nguo iliyoloa. Bibi yake alikuwa kwenye mkeka, mdomo wazi. Usiku walikuwa wameingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakaziba dirisha kwa blanketi. Akpene alikuwa akimwita mtoto jina lake, polepole, kama anavyowaita asubuhi. Mimi nilisimama tu. Sikujua hata nishike wapi.

Kafui alikohoa. Bibi alizinduka jioni, zahanati. Muuguzi alituambia kwamba tungechelewa robo saa zaidi, tungechimba makaburi mawili.

Ninaandika haya mbele ya wenzangu wote: mtoto yule nilikuwa nikipishana naye langoni kila siku, na siku ile nisingeweza kusema nyumba yao iko upande gani. Barua niliichana. Lakini kuichana hakukunitosha, na sijui kama kuna kinachotosha.

Tangu mwaka ule, nusu saa ya asubuhi imo kwenye ratiba ya madarasa yote, na mwalimu asiyejua mtoto wake anaishi na nani huja kuongea na mimi. Watoto wa Akpene husoma vizuri kuliko wengine wakifika darasa la tatu. Niliposhangaa, alinishangaa mimi. Mtoto, alisema, hamsikilizi mtu asiyemjua.

Muhula ujao darasa litakuwa la Mwalimu Enyonam. Nilimwomba Akpene amkabidhi. Nilitarajia funguo na daftari la mahudhurio. Kumbe kwa wiki mbili amekuwa akimtembeza kwa miguu, jioni baada ya jioni, nyumba arobaini na moja, akimtambulisha kwa kila mtoto na kwa yeyote anayempikia.

Asante, Mwalimu Akpene. Ustaafu wako uwe wa afya na furaha, na ukipita hapa, usibishe hodi.

Selorm Kpodo, Mwalimu Mkuu