Ovaroli la Marehemu

Basi lilikuwa limejaa nusu tu, na fundi cherehani aliyekaa nyuma ya wanawake wawili alisikia kila neno. Angeachaje kusikiliza, nao walikuwa wanazungumzia nguo?

"Samahani dada, hatujuani, lakini hilo ovaroli litakuua," alisema mmoja wao, mwenye kikapu. "Linaburuta hivyo, unalimaje?"

"Nakunja. Jana lilikunjuka, nikaanguka zizini na ndoo nzima ya maziwa." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Lakini gauni likilowa umande linanigandama mapajani, na miiba inalichana kila wiki. Hili ni zito, lina mifuko. La marehemu mume wangu."

"Pole sana. Na wakwe zako?"

"Wanasema namdhihaki mtoto wao."

Fundi alikuwa ameshampima kwa macho: inchi nne miguuni, tatu kiunoni, kazi ya nusu saa. Angemfanyia bure. Akajisogeza mbele amwambie, ila mwenye kikapu akamtangulia.

"Si umpelekee fundi alipunguze?"

"Likinitosha mimi, halitamtosha tena yeye."

"Dada, yeye hayupo."

"Najua hayupo. Nilikuwa nimemshika mkono."

Mwenye kikapu akasema kwa upole, "Na ukivunjika mguu, nani atakamua?"

Basi likasimama kabla hajajibiwa. Mjane akashuka polepole, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeinua nguo magotini. Fundi akayameza maneno yake.