Mma Tshekiso na Kurasa Zilizolala

Ijumaa hii, tarehe 27 Oktoba 2023, Mma Kelebemang Tshekiso anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Mophane, hapa Francistown, kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Waliobaki wanaoweza kusimulia siku zake za mwanzo ni wawili tu, mimi na mkurugenzi wetu Rra Ditsele. Yeye amekataa kuandika, anasema atalowesha karatasi kwa machozi. Kazi imeniangukia mimi.

Aliajiriwa Agosti 1989 kuwa mpiga chapa. Wakati huo hatukujua tovuti ni nini. Tulichapisha vitabu vya orodha ya biashara, vinene kama tofali: gereji, bucha, mafundi cherehani, kuanzia Mahalapye mpaka Kasane. Haukupita mwaka wakamwondoa kwenye taipureta na kumpa kazi ya kupanga orodha yenyewe, maana alikuwa na kipaji cha kujua kila kitu kikae wapi. Mtu mmoja pale Tonota alikuwa akiuza majeneza na kutengeneza redio katika chumba kimoja. Tulibishana asubuhi nzima tumweke upande gani. Mma Tshekiso alichukua mkoba wake, akapanda basi, akarudi alasiri. "Mteja akiingia anakutana na redio," alisema. "Majeneza yako nyuma ya pazia. Mwekeni kwenye redio, na wenye msiba watamuulizia wenyewe."

Vitabu vilipoanza kukosa wanunuzi, wengi wetu tulihesabu siku. Yeye, mwaka 2000, alikuja na habari ya orodha huria ya wavuti. Ilikuwa orodha ya tovuti za dunia nzima, zimepangwa kwa mada na matawi yake, na waliokuwa wakiipanga ni watu wa kujitolea, kila mmoja na kona yake. Tena ilitolewa bure: yeyote angeweza kuichukua yote na kujenga juu yake anachotaka. Aliomba kona ya tovuti za kaskazini ya nchi yetu, akapewa. Akawa anaifanya saa ya chakula, gwinya, andazi letu la mafuta, mkono wa kushoto, kipanya mkono wa kulia. Vitufe vya kompyuta ile viling'aa mafuta mpaka ilipokufa.

Kuipakua orodha nzima kwa waya wa simu kulichukua siku tatu, na simu ikilia tu, kila kitu kilianza upya. Alibandika karatasi: ANAYEGUSA SIMU HII ANITAFUTIE KAZI NYINGINE. Siku ya pili Rra Ditsele alitoka ofisini kwake amevimba.

"Mma, wateja watatupigiaje?"

"Wateja gani, rra? Wiki iliyopita nzima aliyepiga ni mama mkwe wako tu."

Rra Ditsele alirudi ofisini, akafunga mlango. Faili la orodha likaingia lote.

Kutokana na faili lile tulijenga tovuti iliyotupa sifa, Motse, yaani Kijiji. Yeye alipanga, mimi nilichora. Badala ya orodha kavu, msomaji alikuta kijiji: kgotla, uwanja wa baraza, katikati, kata zimeizunguka, na kila ua una tovuti zake. Magazeti aliyaweka jirani na bomba la maji, kwa sababu ndipo maneno yanapopatikana. Tovuti za hospitali aliziweka ukuta kwa ukuta na za waganga wa mitishamba, "waonane." Kandanda aliitoa nje ya uzio. "Hawa wanapiga kelele," alisema, na hakuna aliyethubutu kuirudisha. Walimu wa Maun na Tutume waliwafundishia wanafunzi kwa Motse, na wengine walituandikia kutoka Kumasi na Lusaka kuuliza tulivyoijenga. Kila mmoja alijibiwa na Mma Tshekiso, kwa barua ndefu kuliko swali lake.

Hakuwa mtu asiyekosea. Kwaya moja ya hapa mjini inaitwa Dinotshe, yaani Nyuki, naye siku moja yenye haraka akaitia kwenye ufugaji wa nyuki. Miezi minne wanakwaya walikuwa wakipokea barua za wafugaji wa Ujerumani wakiuliza mizinga yao ina umbo gani. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kulalamika. Alipoambiwa kosa litasahihishwa, akasita. "Msisahihishe kwanza, mma. Mmoja ameahidi kututumia asali."

Lakini liko kosa ambalo halikumchekesha, na ameniruhusu niliandike.

Mwaka 2011 alikuja ofisini mama mmoja kutoka Nkange, Mma Basadi Nthoiwa, mjane wa mwalimu. Alikaa kwenye kiti cha wageni na mwavuli magotini, akasema marehemu mumewe alikuwa na ukurasa kwenye mtandao. "Miaka sita nilimgombeza," alisema. "Chakula kinapoa, yeye yuko shuleni kwenye ile mashine. Sikuutazama hata siku moja. Sasa nataka kujua alikuwa anafanya nini."

Tulitafuta. Hakukuwa na kitu. Kompyuta iliyokuwa ikihifadhi ukurasa ilishazimwa, na katika orodha huria jina la mwalimu halikuwemo. Mma Tshekiso akashusha makopo yake ya biskuti. Kila baada ya miezi michache, tangu mwanzo, alikuwa akinakili orodha yote kwenye sidii na kuziweka katika makopo yale, nasi tulimtania kwamba anahifadhi upepo. Katika nakala ya mwaka 2006 ukurasa ulikuwepo, na maelezo ya mstari mmoja: "Visima vya Nkange na waliovichimba, kwa mujibu wa wazee wenyewe." Katika nakala ya 2007 haukuwepo. Pembeni, panapoandikwa nani ameondoa na kwa nini, palikuwa na neno "haufunguki" na jina la mhariri. Lilikuwa jina lake.

Nilimwona akisoma mara mbili. Kisha akafungua barua pepe za mwaka ule, akashuka nazo taratibu, na huko chini akakuta barua ya Mwalimu Nthoiwa, fupi na ya adabu. Alieleza kwamba kompyuta ya shule ilikuwa imeharibika kwa wiki moja, sasa imepona, na aliomba arudishwe kwenye orodha. Barua haikuwahi kufunguliwa.

Angeweza kumwambia yule mama kwamba ukurasa umepotea, na hakuna ambaye angejua. Alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mma, aliyemfuta mumeo ni mimi. Nilijaribu siku moja tu, haukufunguka, nikaufuta. Aliniandikia, sikumsoma."

Mma Nthoiwa aliutoa mwavuli magotini, akauegemeza kwenye kiti.

"Basi utafute," alisema. "Aliyekificha kitu ndiye anayejua pa kukitafutia."

Aliutafuta kwa miezi mitano. Anwani ya ukurasa alikuwa nayo, ameitoa kwenye sidii za kopo. Alichofanya ni kuwaandikia watu mmoja mmoja, wale waliokuwa wamechukua data ile ile ya orodha na kujenga vyao, kama sisi tulivyojenga Motse. Aliandika barua mia moja na kumi na nne. Wengi hawakujibu. Mwanamke mmoja wa Brazili alijibu kwa pole na picha ya paka wake. Aliyejibu la maana alikuwa tarishi mstaafu wa Estonia, ambaye miaka ile, kwa mapenzi yake tu, alichambua ndani ya orodha kurasa zote zilizoandikwa na walimu wa vijijini, akazijengea tovuti moja, na kuhifadhi nakala ya kila ukurasa asije akazikosa. Nkange ilikuwemo. Visima thelathini na kimoja, kila kimoja na picha.

Mma Nthoiwa alirudi, safari hii bila mwavuli. Alisoma visima vyote, akiwataja wachimbaji kwa sauti, wengine akiwacheka kwa uongo wao. Cha mwisho kilikuwa kisima cha uani kwake. Chini ya picha mwalimu alikuwa ameandika: "Hiki kimechimbwa na mke wangu Basadi, mwaka wa ukame, nikiwa masomoni Lobatse. Niliporudi, maji yalikuwa yameshatoka. Hajawahi kujisifu, kwa hiyo namsifu mimi."

Mma Tshekiso alikwenda kuchemsha chai, akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Kutokana na hayo ilizaliwa tovuti yake ya mwisho na iliyo bora kuliko zote, Kurasa Zilizolala. Humo aliweka kila ukurasa wa kaskazini yetu uliokuwa kwenye orodha ya zamani na sasa haufunguki, na maelezo yake ya mstari mmoja, na swali moja: Nani anayo nakala? Orodha huria ilipofungwa miaka iliyofuata, makopo ya biskuti hayakuchekwa tena. Mpaka leo kurasa mia mbili na sitini na mbili zimepatikana na kurudishwa. Akawa pia na sheria, ambayo kila mfanyakazi mpya hapa huifundishwa kabla ya kuonyeshwa choo: ukurasa usipofunguka, mtafute kwanza mwenye ukurasa kabla ya kuufuta.

Sasa anakwenda shambani kwake Mathangwane. Amesema hataki kompyuta ya zawadi, na simu atapokea baada ya jua kupoa. Kurasa mia nne na tisa bado zimelala, naye ametukabidhi majina ya wenye kurasa hizo, wengine wameandikiwa tayari, wengine hawajulikani waliko. Ni kazi ya miaka, na tumeipokea.

Mma Tshekiso, tunakushukuru kwa kupanga, kwa kukosea mbele yetu, na kwa kutotuficha. Mvua ikunyeshee kwa wakati, mtama ujae, na kila siku utakayoamka iwe ya kwako mwenyewe.

Tshenolo Mabutho, mchoraji
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mophane