Notburga na Vitambaa Vilivyoliwa na Udongo

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu wa Mkumbi, na ninyi mliopanda milima kutoka Lituhi, familia imenipa mimi, Meinrad, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Notburga Hyasinti, mtanivumilia nikisita.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1968 hapa Mkumbi, mtoto wa tatu wa mzee Hyasinti na mama Gertruda, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari Songea, akahitimu stashahada ya kilimo mwaka 1990, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa bibi shamba katika kata ya Ruanda, kazi aliyoifanya mpaka afya ilipomkatalia.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu Bernadi, mzaliwa wa Lituhi, dereva wa malori, wakajaliwa Allen mwaka 1996 na Aurelia mwaka 2000, na shemeji alipoanza kubeba makaa ya mawe ya Ngaka alikuwa akimtania mezani, "Mke wangu, wewe ukifukia nyasi unazika kaboni, mimi naifukua," wote wakacheka, ila dada hakucheka kwa muda mrefu.

Machi 2009, kwa ruhusa ya wenye mashamba, alifukia vipande vya kitambaa cheupe cha pamba ili aone vijidudu vya udongoni, vile visivyoonekana kwa macho, vinakula kwa kasi gani, lakini mjukuu wa jirani yetu mama Celestina alipougua homa yakazuka maneno kwamba bibi shamba amezika sanda za watu, akaitwa mkutanoni mwezi Mei, akaenda akijua kuna waliokufa kwa maneno madogo kuliko hayo. Aliomba wakafukue wote pamoja, na katika ngoro za mama Celestina, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, ambako nyasi zilifukiwa kama wazee walivyofundisha, kitambaa kilitoka kimebaki nyuzi, ilhali katika shamba lililochomwa ng'ambo ya korongo kilitoka kizima. Mama Celestina akauliza, "Sasa changu kimetafunwa na nani?", naye akamjibu, "Na hao wanaokulishia mahindi yako, mama, kule wamechomwa moto," na kwa kuwa mtoto alikwisha kupona, watu walitawanyika kwenda makwao.

Tangu hapo alifukia vitambaa kila mwaka, huku na kule ukweni Lituhi, ziwani, ambako joto huozesha vitu upesi, na kuanzia mwaka 2016 vile vya huku milimani vikawa vinaliwa mapema, kila mwaka mapema zaidi, tukampongeza tukidhani ni rutuba, yeye akanyong'onyea, akatueleza kwamba vijidudu navyo hupumua kama sisi, vikila hutoa hewa ya ukaa, na udongo ukipata joto huanza kula hata ile akiba yake nyeusi ya miaka mingi, hewa hiyo ikapanda angani kuongeza joto lile lile. "Mkumbi imeanza kula kama Lituhi," alisema, ingawa alikiri kwamba kitambaa si mizani, labda ni mvua tu, labda anakosea, akapeleka udongo kwa watafiti, wakamjibu kwa heshima kwamba miaka zaidi inahitajika, na sisi wa nyumbani tulimwona akichuchumaa shambani mchana wa jua kali, kiganja kikiwa juu ya udongo, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Julai 2024 alianza kulalamikia tumbo, akapimwa Songea, ikaonekana ni saratani ya ini, na siku yake ya mwisho wodini alimuuliza Allen kama nyasi za shambani zimelazwa na kufukiwa, Allen akasema, "Ndiyo, mama." Akauliza, "Zote?", kijana akasema, "Nusu, mama, mvua imekatika," naye hakumlaumu, alimshika mkono tu, macho yakiwa dirishani, na jioni hiyo, Jumatano tarehe 12 Machi 2025, aliaga dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakumficha ukweli alipoutaka, Baba Paroko, wanajumuiya, maafisa ugani wenzake, mama Celestina aliyelala na wafiwa tangu msiba ulipoingia, na vijana waliochimba kaburi katika ardhi hii iliyokauka mapema kuliko tulivyozoea. Ile nusu ya nyasi zake ambayo haijafukiwa ndiyo hiyo mnayoiona nyuma ya turubai, imekauka kabisa na upepo umeanza, kwa hiyo tunawaomba, mkitoka kuzika, anayevuta asivutie huku, na wapishi wamwagie majiko maji mpaka majivu yapoe.

Dada Notburga, hofu uliyokuwa nayo tumebaki nayo sisi, wewe pumzika kwa amani.